Ndege ya bawa tupu: panga uzito kabla ya kuwasha mota

Vijana wakija kibandani kwangu Jambiani, ninapotengeneza simu, kuulizia ndege ndogo ya kujitengenezea, huanza na bei ya mota na rimoti. Mimi huwarudishia suali: kitovu cha uzito, pale ndege inapokaa sawa ukiibeba, utakiweka wapi? Ndege ya bawa tupu, isiyo na mkia, ikielemewa nyuma tu, haiongozeki tena. Hapo ndipo nyingi zinapovunjika, hata rimoti haijafanya kazi. Kwa hiyo mengine nitayapitia mbio, hilo nitalikalia.

Umbo lenyewe limeshapita juu ya vichwa vyetu. Mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walipoanza kuzipiga picha Unguja na Pemba kutoka angani, walitumia eBee, bawa la foma lenye upana wa sm 96 lisilofika kilo moja, linalorushwa kwa mkono. Yetu itakaribia upana huo.

Tafuta stairofomu nyeupe, ile inayofungiwa mafriji au ya maboksi ya samaki. Ichane kwa waya wa moto iwe vipande vya unene wa sm 1. Kila upande wa bawa una urefu wa sm 45. Katikati, kutoka mbele hadi nyuma, ni sm 32. Nchani ni sm 18. Ncha irudi nyuma sm 26 kupita pua. Juu ya nusu ya mbele bandika kipande cha pili, bawa liwe na ngazi mgongoni. Ngazi hiyo ni ya Wamarekani Kline na Fogleman, walioipatia hataza mwaka 1972, na inamfaa fundi asiye na uwezo wa kuchonga mviringo sahihi.

Gundi iwe nyeupe ya mbao, ilale usiku mzima. Gundi ya viatu na supagluu ya kawaida zinaila stairofomu mpaka ibaki tundu. Chini ya bawa zamisha ufito wa mwanzi mkavu kutoka ncha hadi ncha, kisha funika bawa lote kwa selotepu pana. Simamisha mapezi mawili ya plastiki nchani. Bila hayo pua itayumba kushoto na kulia.

Nyuma kata vibao viwili vya upana wa sm 5, uviunge kwa selotepu vipinde juu na chini. Hizo ndizo elevoni, zinafanya kazi ya mkia na ya mbawa kwa pamoja. Kila moja ivutwe na sevo (kimota cha kuvuta na kusukuma) ya gramu 9 kwa spoki ya baiskeli. Mota ya 2212 (namba ya saizi yake) ikae nyuma katikati, na ukate nafasi ya kutosha ili pangaboi ya inchi 7 isiguse kitu. Maandishi ya pangaboi yatazame mbele, ndege inakokwenda. Mota ikizunguka kinyume, badilisha nyaya mbili zozote kati ya tatu.

Sasa uzito. Lala na rula kutoka puani kwenda nyuma, sm 16, uvute mstari wa kukata bawa zima. Weka nukta mbili chini, kushoto na kulia, juu ya mstari huo. Ndege ikiwa kamili, betri ndani, ibebe kwa vidole viwili kwenye nukta. Pua iiname kidogo tu. Nyuma ikishuka, sogeza betri mbele. Ikiwa haina pa kusogea tena, tia farumi puani, sarafu au risasi ya mshipi, kama mnavyofanya chomboni omo inaponyanyuka. Kwa safari ya kwanza naipenda kwenye sm 15.5. Inakuwa nzito wa kugeuka, lakini inasamehe. Usiiruhusu ivuke sm 17.

Elevoni zote ziinuke milimita 2 au 3 zikiwa zimetulia. Kisha simama nyuma ya ndege ujaribu: ukivuta fimbo kwako, zote zipande, ukisukuma kulia, ya kulia ipande na ya kushoto ishuke. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, nishaijua." Nikamwambia arudie kila asubuhi, kwa sababu rimoti ikishabadilishwa ndege, mpangilio hubadilika. Zima pia rimoti mota ikiwa inazunguka (ndege imeshikwa vizuri): lazima isimame.

Rushia mchangani, maji yamekupwa, asubuhi, kabla kusi haijashika. Kwanza irushe bila mota, usawa wa bega, kuelekea upepo. Ikinyanyua pua kisha ikaanguka, ongeza uzito mbele. Ikichoma mchanga moja kwa moja, inua elevoni kidogo. Ikiteleza hatua ishirini kwa utulivu, hapo mota inaruhusiwa, tena iwashwe baada ya kuiachia mkononi, maana pangaboi iko nyuma ya vidole.

Mama zetu wa mwani wako pale pale maji yanapokupwa. Usipite juu yao hata kidogo, wala juu ya wanaoteleza kwa tiara upande wa Paje. Mjulishe sheha, uliza TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kuhusu ruhusa, na kaa mbali na viwanja vya ndege, cha Unguja na cha Pemba.

Betri ya seli tatu ikijaa ni volti 12.6, teremsha ndege kabla haijafika 10.5. Usiiache juani, usiichaji usiku umelala. Ukirudi nyumbani pangusa mota kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo ya chumvi, ukaushe, chumvi isile beringi, na betri ambayo hutaitumia wiki hiyo ibakie kwenye volti 11.4.