Kitanzi ndani ya kitanzi: kuchora maumbo ya nyota kwa Python

Vijana ninaowasomesha programu hapa Chake Chake hukifahamu kitanzi kimoja (loop, yaani amri ya kurudia kazi mara kadhaa) kwa siku moja, lakini tunapotia kitanzi cha pili ndani ya kile cha kwanza, wengi hupotea. Nimewatazama kwa muda na nimeona kuwa kinachowapoteza ni jambo moja: hawajui kitanzi cha ndani huanza lini hesabu yake.

Mfikirie mtu aliyemaliza kusali anayevuta tasbihi. Husema Subhanallah mara 33, kisha Alhamdulillahi mara 33, kisha Allahu Akbar mara 33. Kila dhikri inapobadilika, hesabu hurudi kwenye moja. Haiendelei na 34. Zile dhikri 3 ndizo kitanzi cha nje, ile hesabu ya 33 ndiyo kitanzi cha ndani, na jumla yake ni 99.

Hatua ya kwanza: mstatili

```
for mstari in range(3):
    for nyota in range(5):
        print("*", end="")
    print()
```

range(3) hurudia mara 3 na range(5) mara 5, kwa hiyo matokeo yake ni mistari 3 yenye nyota 5 kila mmoja. Kwa kawaida amri ya print huvuka na kwenda mstari mpya kila inapomaliza kazi yake, na end="" ndiyo inayoizuia, ili nyota zikae ubavuni mwa nyota. Ile print() tupu ya mwisho hufanya kazi moja tu ya kuvuka mstari, nayo imejongezwa (yaani imesogezwa kulia kwa nafasi tupu) sawa na for ya ndani, kwa sababu tunataka kuvuka baada ya nyota zote 5 kwisha.

Hatua ya pili: pembetatu

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua daftari la hesabu la skuli, lile lenye miraba midogo, uchore umbo lenyewe kisha uandike pembeni idadi ya nyota za kila mstari. Mstari wa 1 una nyota 1, wa 2 una 2, hadi wa 5 wenye 5. Ninalisisitiza sana hili, kwa kuwa mwanafunzi anayekariri msimbo (maandishi ya programu) hukwama umbo likibadilika kidogo tu, ilhali aliyezoea kutafuta uhusiano baina ya namba ya mstari na idadi ya nyota huweza kuchora umbo ambalo hajapata kuliona.

```
for mstari in range(1, 6):
    for nyota in range(mstari):
        print("*", end="")
    print()
```

Hapa range(1, 6) huhesabu kuanzia 1 hadi 5. Kitanzi cha ndani sasa kinakiuliza kile cha nje: tupo mstari wa ngapi?

Hatua ya tatu: piramidi

Hapa kila mstari una vitu viwili, nafasi tupu na nyota. Kwa mistari 5, nafasi tupu ni 4, 3, 2, 1, 0, yaani 5 ukitoa namba ya mstari. Na nyota ni 1, 3, 5, 7, 9, yaani namba ya mstari mara mbili ukitoa 1.

```
for mstari in range(1, 6):
    for tupu in range(5 - mstari):
        print(" ", end="")
    for nyota in range(2 * mstari - 1):
        print("*", end="")
    print()
```

Vitanzi viwili vya ndani vinafuatana. Kimoja hakimo ndani ya mwenziwe.

Maswali ya wanachama

*Assalamu alaykum maalim. Nyota zangu zote zinashuka chini moja moja. Nimekosea wapi? (Wete)*

Waalaykumu ssalamu. Tazama kama kuna mstari mtupu baada ya kila kundi la nyota. Ukiwapo, umesahau end="". Usipokuwapo, basi print() yako imejongezwa kupita kiasi ikaingia katika kitanzi cha ndani.

*Maalim, kwa nini nisiandike tu print("*" * mstari) nikapumzika? (Mkoani)*

Unaweza, na Python inaruhusu. Lakini lugha kama C haina njia hiyo, na hata katika Python njia hiyo haitakufaa utakapotaka kuandika jedwali la kuzidisha, ambamo kila nafasi ina namba yake. Jifunze vitanzi kwanza, kisha utumie njia ya mkato.

*Naomba kujua namna ya kuigeuza pembetatu, ianze na nyota 5 na imalizie na 1. (Unguja)*

Badilisha kitanzi cha nje pekee, uandike range(5, 0, -1). Namba ya tatu ndiyo hatua, na kwa kuwa ni hasi, hesabu inashuka: 5, 4, 3, 2, 1. Sifuri haifikiwi, kama vile 6 haikufikiwa katika range(1, 6), kwa sababu range husimama kabla ya kuigusa namba ya mpaka.