Jenereta ya kukanyaga: baiskeli ya inchi 28, mota ya skuta na betri ya volti 12

Mtu mzima mwenye afya ya kawaida akikanyaga kwa saa nzima bila kuhema sana hutoa wati 70 hadi 100 kwenye pedali. Mnyororo, mkanda, mota na waya kila kimoja kinakula chake, na kinachofika kwenye betri ni wati 50 hivi. Saa moja ya kukanyaga inajaza simu mbili za kisasa, au inawasha taa ya LED ya wati 5 kwa saa nane. Pasi ya wati 1,000 ingemaliza jasho hilo lote kwa dakika tatu. Mwenye paneli ya sola ya wati 50 na jua la kutosha hana haja ya mtambo huu. Unafaa siku za masika mawingu yanapokaa wiki nzima, usiku, na shuleni kwenye somo la fizikia.

Kinachoua miradi mingi kabla haijaanza ni alteneta ya gari. Haina sumaku ya kudumu, kwa hiyo koili yake ya ndani lazima ilishwe umeme wa betri kwanza: ampea 3 hivi, yaani wati 36 zimekwenda kabla hujapata hata moja. Tena inataka mizunguko zaidi ya 1,000 kwa dakika ndipo ianze kutoa kitu, na hata hapo karibu nusu ya nguvu inageuka joto. Iache garini.

Tafuta mota ya DC ya sumaku ya kudumu yenye waya mbili. Ya skuta ya umeme iliyoandikwa volti 24, wati 250, mizunguko 2,650 inafaa kabisa. Ukiwa dukani ipime hivi: zungusha mhimili kwa vidole, unapaswa kulegea. Sasa gusanisha waya zake mbili na uzungushe tena. Ukiwa mzito ghafla, mota ni nzima. Usipoona tofauti, kaboni (vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka na kupitisha umeme) zimekwisha au waya wa ndani umekatika. Mota yenye waya tatu nene ni ya aina nyingine na inadai saketi ya dayodi sita (dayodi ni kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu); usianze nayo.

Mwendo ndio unaoamua kila kitu. Mota hii hutoa volti 1 kwa kila mizunguko 130 kwa dakika, kwa makadirio. Ili betri ya volti 12 ijae unahitaji volti 14 na ushee kwenye vichwa vyake, na ukiongeza zinazopotea kwenye dayodi na ndani ya mota, lengo ni volti 16, sawa na mizunguko 2,100 hivi. Chukua baiskeli ngumu ya inchi 28, aina ya Phoenix au Black Mamba, yenye meno 48 mbele na 20 nyuma. Ukikanyaga mizunguko 70 kwa dakika, gurudumu la nyuma linazunguka mara 168. Mkanda utapita juu ya ringi iliyovuliwa tairi, yenye kipenyo cha sentimita 63 hivi, na puli ya milimita 50 kwenye mota inazidisha mara 12.6. Jibu ni 2,117. Ukiweka puli ya milimita 80 kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, utakanyaga mpaka magoti yalalamike na betri haitapokea kitu. Kwa mota ya mashine ya kukimbilia ya mazoezi, ambayo huandikwa volti 90 na kuendelea, hesabu inageuka: puli iwe kubwa, milimita 140 hivi, la sivyo volti zitapanda kupita kiasi.

Puli mpelekee fundi wa kukereza vyuma pamoja na mota yenyewe, maana mhimili wake una ubapa upande mmoja na tundu lazima lilingane nao. Puli ikicheza hata kidogo, itaula mhimili.

Watu wengi hubana roda ya mota dhidi ya tairi. Inafanya kazi, lakini tairi linapata joto, linakwanyuka na kuteleza, na nguvu nyingi inapotea hapo. Afadhali uvue tairi na tyubu, ubakize ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku, na uupitishe mkanda wa puli saizi A juu ya ringi. Utepe huo unashika mkanda na kuukinga na spoku. Mota ikikaa sentimita 60 nyuma ya ekseli, mkanda utakuwa wa inchi 95 hivi, ila pima kwa kamba kwanza kabla ya kununua. Ondoa keria na madigadi ya nyuma vipishe mkanda, na nyoosha ringi kwa spoku kama ina wimbi, kwa sababu mkanda utaruka penye wimbi hata ukaze vipi.

Stendi ya baiskeli yenyewe haitoshi, itayumba. Chomelea msingi wa chuma cha engo wa milimita 40, urefu sentimita 140 na upana 60, wenye miguu miwili inayoshika ekseli kwenye kimo cha sentimita 40. Weka gogo chini ya gurudumu la mbele baiskeli ikae sawa. Matundu ya kufungia mota yawe marefu, sentimita 3, ili uivute nyuma mkanda unapolegea. Mkanda ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba ushuke sentimita 1 hadi 1.5. Puli na ringi zikipishana zaidi ya milimita 2, mkanda utatoka. Kisha funika mkanda na spoku kwa wavu au bati. Watoto wataugusa, hilo halina mjadala.

Kwenye umeme, utaratibu ni huu: waya chanya wa mota, dayodi, fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, kisha kichwa chanya cha betri. Hasi inakwenda moja kwa moja. Waya wa milimita 2.5 za mraba unatosha kwa mita tatu. Kabla ya kuunga chochote, kanyaga na upime kwa mita ya volti ujue waya upi ni chanya, maana ukigeuza upande wa kuzunguka, chanya na hasi vinabadilishana.

Dayodi usiiruke. Bila hiyo, ukiacha kukanyaga betri inaigeuza jenereta kuwa mota: gurudumu linaendelea kuzunguka lenyewe, pedali zimetulia kwa sababu ya friwili, na umeme wako unakwisha. Pawa saplai ya kompyuta mbovu, lile sanduku la ndani linaloilisha umeme, ina dayodi nzuri za ampea 20, volti 45, zenye miguu mitatu. Miguu ya pembeni iunganishe pamoja upande wa mota, wa katikati uende betri. Ifunge kwenye bapa la alumini lipoe, lakini bapa hilo lisiguse fremu, kwani mgongo wa dayodi una umeme wa chanya.

Betri iwe ya ampea-saa 18 au zaidi. Ile ndogo ya 7 inaonekana nafuu, ila ampea 3 au 4 za kukanyaga ni nyingi mno kwake na itavimba. Simamisha mita mbele ya mkanyagaji: ikifika volti 14.4, acha kukanyaga. Matumizi nayo yasiteremshe betri chini ya volti 12.2. Simu ichajiwe kwa chaja ya gari kutoka kwenye betri, kamwe si kutoka kwenye mota moja kwa moja, maana kijana mmoja akikanyaga kwa mbwembwe volti zinafika 28.

Pedali zikiwa nyepesi ghafla, fyuzi imekatika au mkanda unateleza. Harufu ya mpira itakuambia ni kipi. Zikiwa nzito mno mwanzoni, betri imeisha kabisa na inavuta ampea nyingi, hivyo anza polepole. Volti zikiwa 16 bila betri lakini zinaporomoka ukiiunga, kagua viungo vya waya kwanza kwa kuvigusa: kilichopata moto ndicho kibovu. Vyote vikiwa baridi, fungua mota uangalie kaboni.

Taa nunua za volti 12 za DC. Inveta ya kupandisha hadi 230 hula wati kadhaa hata isipowasha kitu, na wati kadhaa hapa ni dakika kadhaa za miguu.