Kutumia Flashi Nje ya Kamera kwa Gharama Ndogo

Ukimpiga mtu picha mbele ya Jiwe la Bismarck, mwamba ulio ndani ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, jua linapozama, uso wake hubaki mweusi kwa sababu mwanga mkali uko nyuma yake, na flashi iliyojengwa ndani ya kamera humulika kutoka mbele moja kwa moja, uso ukaonekana bapa. Dawa yake ni flashi ya kurekebishwa kwa mkono, hata iliyokwishatumika, pamoja na jozi ya triga za redio za bei nafuu, yaani vifaa vya kuiwasha flashi bila waya ikiwa mbali na kamera.

Anza na anga. Weka kamera kwenye manyuali (unapochagua vipimo mwenyewe), ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 na shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/200 ya sekunde, kisha rekebisha tundu la lenzi hadi mawingu juu ya ziwa yapate rangi unayoitaka. Usiipite kasi hiyo ya shata, kwa maana kamera nyingi za wanaoanza hukomea hapo zinapotumia flashi, na ukizidisha utaona ukanda mweusi pichani. Ndipo uwashe flashi kwa robo ya nguvu yake, ukiiweka ubavuni, juu kidogo ya macho, umbali wa mita moja na nusu. Mwanga ukizidi, punguza nguvu au isogeze mbali: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo tu.

Mwavuli mweupe wa kupigia picha, unaofungwa mbele ya flashi, hulainisha vivuli vizuri sana, lakini upepo wa ziwani huuangusha pamoja na stendi, kwa hiyo mimi humwomba mwenzangu aishike flashi. Beba pia betri nne za akiba.