Somo: Kufufua amplifaya ya stereo ya zamani bila kuiunguza

Hapa tunazungumzia amplifaya za transista, zile nzito za miaka ya 1970 hadi katikati ya 1980: Pioneer, Sansui, Marantz, Kenwood, Yamaha, NAD na ndugu zao. Za valvu (taa za kioo) siziingizi. Ndani yake mna volti 300 hadi 500 za DC, na hizo zinadai somo lake peke yake.

Kinachoua mashine hizi mara nyingi si uzee. Mtu anapata amplifaya iliyokaa stoo miaka na miaka, anaichomeka ukutani na kuiwasha "aone kama inaimba". Ikinguruma kidogo halafu ikanyamaza, transista kubwa zimeshakwenda, na baadhi hazitengenezwi tena. Wa pili ni yule anayefungua mfuniko na kung'oa kapasita zote (vifaa vinavyohifadhi chaji) kabla hajapima hata moja. Mimi ni mtu wa mita kwanza, pasi ya kuchomelea baadaye. Ukikubaliana na hilo, twende.

Hatua ya 1: Tazama kabla hujagusa

Soma kibandiko cha nyuma. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, ya Ulaya 220, ya Uingereza 240. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti, nyingine hazina na lazima utumie transfoma ya kushusha umeme. Ile ya volti 100 ukiipa 230 hutapata nafasi ya kujuta, fyuzi yenyewe inaweza isiwahi.

Fungua mfuniko, washa taa yenye mwanga mkali, kaa chini uangalie taratibu. Kapasita zilizovimba kichwa au kutoa maji. Rizista zilizobabuka. Fyuzi: je, ni ya ampea zilizoandikwa kwenye bodi, au kuna mtu aliizungushia waya? Swichi na skru zilizoliwa kichwa nazo zinakuambia kama fundi mwingine ameshapita humo.

Halafu tafuta gundi. Viwanda vya zamani vilishikiza kapasita kubwa kwa gundi ya rangi ya maziwa. Ikipigwa joto miaka mingi inageuka kahawia, inakuwa ngumu, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vifaa vilivyo chini yake. Ikwangue kwa kijiti cha mbao au plastiki, ilainishe kwa alkoholi, kisha angalia miguu ya dayodi na rizista zilizokuwa zimefunikwa. Mguu ulioingia kutu ya kijani au nyeusi, mara nyingi ukiusukuma kidogo unakatika. Badilisha hapo hapo. Nimeona mashine nyingi zikihukumiwa kuwa zina "transista mbovu" wakati ugonjwa wote ulikuwa chini ya gundi.

Piga picha za kutosha. Kila waya, kila rangi, kila plagi inaelekea wapi.

Hatua ya 2: Toa umeme uliobaki

Kapasita kubwa mbili za pawa, mara nyingi za mikrofaradi elfu kadhaa au zaidi, zinaweza kubaki na chaji hata waya wa ukutani ukiwa umechomolewa. Chukua rizista ya ohm 220, wati 5 au 10, ishike kwa koleo lenye mpini wa plastiki au ifungie waya zenye klipu, gusisha kati ya kila reli (njia ya DC inayolisha saketi, chanya au hasi) na grandi (sehemu ya volti sifuri) kwa sekunde kumi na kitu. Kisha pima. Ikishuka chini ya volti 1, endelea. Usipige shoti kwa bisibisi. Cheche ile inachimba ncha za kapasita, na siku nyingine inachimba macho.

Hatua ya 3: Pima ikiwa imezimwa

Weka mita kwenye alama ya dayodi. Kwa transista kubwa za kutolea sauti, zenye miguu mitatu ya beisi, emita na kolekta, beisi kwenda emita na beisi kwenda kolekta zisome kama 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na zisisome upande wa pili. Kolekta kwenda emita ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, imepiga shoti. Kama transista zimeunganishwa sambamba, moja mbovu itazifanya zote zionekane mbovu, kwa hiyo fungua moja moja.

Pima rizista za emita, zile nene nyeupe za ohm 0.22 hadi 0.47. Transista ikifa mara nyingi inaondoka nazo. Kumbuka waya za mita zenyewe zina ohm 0.2 au 0.3. Gusanisha ncha kwanza, usome, kisha utoe.

Ukikuta transista kubwa imekufa, usikimbilie kuweka mpya. Fuata nyuma: draiva zake (transista za kati zinazoisukuma), rizista ndogo za beisi, kifaa cha bayasi (tutaieleza hatua ya 6) kilichofungwa kwenye hitsinki, yaani bati la kupozea. Kimoja kikibaki kibovu, spea mpya zitaungua pamoja na hela yako.

Hatua ya 4: Balbu ya mfululizo

Hii ndiyo hatua ambayo nisingependa uiruke hata kama umechoka. Tafuta balbu ya nyuzi, ile ya kizamani inayopata moto, wati 60 hadi 100. Ifunge kwenye waya wa laivu, ili umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo uingie kwenye amplifaya. Za LED na zile za kubana matumizi hazifai. Tunautaka uzi wenyewe: ukiwa baridi unapitisha umeme kirahisi, ukipata moto unaubana.

Chomoa spika zote, volyumu sifuri, washa. Balbu iwake kwa nguvu mara moja kapasita zinapojaa, kisha ififie hadi kuwa nyekundu hafifu au kuzima. Hapo pumua. Ikibaki inang'aa, kuna shoti. Zima, rudi hatua ya 3. Mashine imepona kwa sababu balbu imebeba kile kipigo.

Relei (swichi ya umeme inayounganisha spika) isipolia "tak" wakati uko kwenye balbu, usishtuke. Volti ziko chini, na relei nyingine hazivuti mpaka zipate umeme kamili.

Hatua ya 5: Reli na ofseti

Pima reli kutoka grandi: moja chanya, moja hasi, na zilingane kwa karibu. Zikiwa +36 na -35, hakuna neno. Zikiwa +36 na -20, kuna mahali panavuta.

Ofseti ni DC iliyopo kwenye njia ya kutolea sauti wakati hakuna muziki. Ipime kabla ya relei, bila spika. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Zaidi ya 100, tafuta sababu, na mara nyingi ni jozi ya transista ndogo za mwanzo ambazo zimeacha kulingana. Ukisoma volti 30 na kitu, yaani reli nzima, ushukuru relei ilikataa kufunga. Spika ingekuwa majivu.

Baadhi ya mashine za mwanzo wa 1970 zina reli moja tu na kapasita kubwa kabla ya spika. Kwa hizo, pima sehemu ya katikati kabla ya kapasita: iwe karibu nusu ya reli.

Hatua ya 6: Bayasi

Bayasi ni umeme mdogo unaopita kwenye transista kubwa wakati zimetulia. Ikiwa ndogo mno, sauti inakwaruza kwenye volyumu ya chini. Ikizidi, hitsinki inachoma mkono. Huipimi moja kwa moja, unapima milivolti kwenye rizista ya emita na kugawanya. Milivolti 10 kwenye ohm 0.33 ni kama miliampea 30. Namba sahihi iko kwenye manuali ya mashine yako, na manuali nyingi za zamani zinapatikana bure intaneti. Kama hujaipata, usiipandishe kwa kukisia.

Trimpoti (rizista ndogo za kurekebisha bayasi) za zamani za wazi ni hatari kimyakimya. Zikikatika ndani, kwenye saketi nyingi bayasi inapanda hadi mwisho. Weka mpya za kufunikwa, ukianza upande unaotoa bayasi ndogo kabisa. Na klipu za mita zifunge mashine ikiwa imezimwa. Ncha ya mita ikiteleza milimita moja ikagusa mguu wa jirani, umeshanunua transista. Acha ipate joto robo saa mpaka nusu saa bila balbu, ndipo usahihishe.

Hatua ya 7: Volyumu, swichi na relei

Mkwaruzo wa volyumu unatibiwa kwa dawa ya kusafishia kontakti yenye mafuta kidogo. Puliza kwenye tundu la nyuma karibu na miguu, zungusha kwenda na kurudi mara nyingi. WD-40 iache kwa bawaba za mlango.

Relei ya spika ina dalili yake: chaneli moja inapotea kwenye sauti ya chini, ukipandisha volyumu inarudi ghafla. Fungua kofia yake ya plastiki utaona vidole vya shaba vyenye vidoti vyeusi mahali vinapogusana. Kipande cha karatasi kilicholowa alkoholi, kikivutwa katikati huku umebana kidogo, kinatoa weusi huo. Msasa unaondoa ngozi ya madini ambayo ndiyo inayozuia weusi kurudi. Dawa ya kudumu ni relei mpya, yenye volti ile ile ya koili. 24 ni ya kawaida, lakini soma.

Hatua ya 8: Risasi na kapasita

Geuza bodi. Kwenye miguu ya vifaa vinavyopata joto na plagi zinazovutwavutwa, tafuta duara jembamba lililozunguka mguu ndani ya risasi ya kuchomelea. Huo ni ufa. Nyonya risasi ya zamani, weka mpya.

Kapasita za kubadilisha ni elektrolitiki ndogo zilizo jirani na joto na zile za njia ya sauti. Kubwa za pawa zibadilishe zikipimwa zikaonekana zimechoka. Za filamu na za seramiki ziache, hazizeeki namna hiyo. Mikrofaradi zibaki zile zile, volti ziwe sawa au zaidi, chanya na hasi usizichanganye, na isiyo na upande irithiwe na isiyo na upande. Fanya bodi moja, rudi kwenye balbu, pima, ndipo uende nyingine. Ukibadilisha zote kwa mkupuo na mashine ikagoma, utatafuta kosa mahali hamsini.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, yangu inavuma muda wote, volyumu hata ikiwa sifuri mvumo ni ule ule. Nianzie wapi?

Jibu: Chomoa kila kitu nyuma, ubaki na spika tu. Mvumo ukiisha, tatizo ni grandi ya kifaa ulichounganisha. Ukibaki chaneli zote mbili, angalia kapasita kubwa za pawa na viunganishi vyake vya grandi. Ukiwa chaneli moja tu, kapasita kubwa zisilaumiwe haraka, maana kwa kawaida zinalisha zote mbili.

Swali: Fundi, nimetoa transista ndogo ya Kijapani ya 2SC nikaweka BC547. Ofseti imekwenda volti 30. Transista mpya ni nzima, nimeipima.

Jibu: Ni nzima ila umeigeuza. Ukiitazama uso bapa, 2SC nyingi za umbo hilo zina emita, kolekta, beisi. BC547 ni kolekta, beisi, emita. Na hata ukikunja miguu, BC547 inavumilia volti 45 tu, wakati kati ya reli zako mbili kuna karibu 70. Soma datashiti. KSC1845 ina mpangilio wa Kijapani na inavumilia 120, kwa kazi nyingi ndogo inatosha.

Swali: Ofseti ni milivolti 12, reli ziko vizuri, lakini relei haivuti kabisa. Niiunge moja kwa moja nisikilize?

Jibu: Usiunge. Hiyo ndiyo kinga ya spika zako. Pima kwanza kama koili inapata volti zake. Ikipata na haivuti, relei imekufa. Isipopata, ugonjwa uko kwenye saketi ya kinga: aisi (IC) ndogo kama uPC1237 au TA7317, na elektrolitiki ndogo zilizo kando yake zinazoweka ule muda wa kusubiri. Anza na kapasita.

Swali: Transista zangu kubwa za asili hazipatikani. Nimeona 2SC5200 na 2SA1943 bei ya kutupa.

Jibu: Bei ya kutupa ndiyo inayonitisha. Hizo ni kati ya transista zinazoghushiwa sana, na feki inaimba vizuri mpaka utakapopandisha volyumu. Nunua kwa muuzaji anayechukua kiwandani. Kama za asili ni za chuma, MJ15003 na MJ15004 ni mbadala wa heshima. Jambo jingine: transista za kisasa zina kasi kuliko saketi ya zamani, mashine inaweza kujipigia mawimbi usiyoyasikia huku hitsinki inapata moto bila muziki. Ukiona hivyo zima. Na kabla ya kuwasha, weka mika (kizuizi cha umeme chini ya transista) na pasta ya joto mpya, kisha pima kolekta na hitsinki: mita isilie.

Swali: Nina jozi mbili za spika za ohm 4. Naweza kubonyeza A na B pamoja?

Jibu: Kwenye mashine nyingi A na B zinakuwa sambamba, amplifaya inaona ohm 2. Angalia nyuma, karibu na viunganishi vya spika imeandikwa kiwango cha chini, na kwa A+B mara nyingi ni ohm 8 kwa kila spika. Tumia jozi moja.