Wembe wa kukunja: kuunoa mwenyewe nyumbani bila kuuua

Wembe wa kwanza kuunoa mi niliuua. Ulikuwa wa babu, ule wa kukunja wenye mpini wa pembe, na babu enzi zake alikuwa ananyolea watu chini ya mwembe kule Ujiji (sio ule mwembe walipokutana Stanley na Livingstone 1871, miembe Ujiji ni mingi jamani). Mimi nikauchukua nikakaa kwenye ngazi ya simenti pale uani nikausugua dakika kumi kwa nguvu zote kama tunavyonoa visu vya samaki, afu nikaupeleka shavuni. Siku tatu nilikuwa natembea na plasta mbili.

Kisu cha samaki kikiwa na meno meno hakuna shida, tena ndo kinakata ngozi ya mgebuka vizuri. Wembe ni kitu kingine, makali yake ni membamba mno na yakitoka na meno basi huo ni msumeno unaotembeza usoni. Kwa hiyo simenti hapana, tofali hapana, mgongo wa sahani hapana, na lile jiwe jeusi la pande mbili la hadwea ni la mapanga na majembe, liache hukohuko.

Kinachotakiwa ni vinoo vya maji, yaani mawe ya kunolea kwa maji, vyenye namba, na namba ikipanda jiwe ni laini zaidi. 1000 ndo inajenga makali, 4000 au 5000 inafuta mikwaruzo ya 1000, 8000 inalainisha, na 12000 ni ya kumalizia kwa anayeweza kuimudu. Huku Kigoma mwisho wa reli hivi vitu huvioni kirahisi, mi niliagiza Dar, mzigo ukaja taratibu na ukichelewa njiani sio kesi maana jiwe halichachi. Kama hela haijakaa sawa kuna njia ya kimaskini ambayo nimeitumia mwaka mzima: nenda duka la rangi za magari ununue msasa wa maji, 1000, 1500, 2000 na 2500 kama wanayo, ulaze juu ya kipande cha kioo kinene uumwagie maji ushikamane. Ila kwenye msasa tanguliza mgongo sio makali, la sivyo unaukata msasa vipande, na baada ya hapo lazima umalizie kwenye kipande cha ngozi ya ng'ombe kilichopakwa dawa ile ya kijani ya kupolishia vyuma. Sio sawa na jiwe, lakini unanyoa.

Kabla ya yote jiwe liwe limenyooka. Jiwe linaliwa katikati bila we kujua, linakuwa kama mtumbwi. Chora mistari ya penseli juu yake kama wavu, weka msasa kwenye kioo, maji, sugua jiwe mpaka penseli yote ifutike. Ikibaki penseli katikati jua pale pana bonde, endelea.

Haya sasa kunoa kwenyewe. Watu wengi wanauliza engo ni nyuzi ngapi, wanahangaika kuinua wembe kidogo wakadirie. Huinui chochote! Aliyetengeneza wembe alishakupimia, ule mgongo mnene ndo unaoshika engo, wewe unalaza wembe bapa, mgongo na makali vyote viguse jiwe muda wote. Ukiinua mgongo hata kidogo umeharibu. Ukiona mgongo unaanza kuliwa na jiwe, bandika tepu ya fundi umeme tabaka moja ubadilishe ikichakaa, mi kwa wembe wa kumbukumbu kama ule lazima nibandike.

Makali yanatangulia, kama vile unataka kukwangua utando mwembamba juu ya jiwe. Wembe mara nyingi ni mrefu kuliko upana wa jiwe, kwa hiyo unaanza na kisigino (upande wa mpini) huku unavuta kwa mshazari, ukifika mwisho ni ncha ndo iko juu ya jiwe. Pale mwisho unageuza, na hapa naomba unisikilize, unageuza kwa kubiringisha juu ya MGONGO, makali yawe yanaangalia juu hewani, afu unarudi. Ukigeuza kwa kupitia makali, kazi yote ya nusu saa imeondoka kwa sekunde.

Na usikandamize. Yaani hili ndo kosa lililoniua mimi, na kila ninayemfundisha analirudia, mkono wa mtu aliyezoea panga hauamini kwamba chuma kinaweza kunoleka bila nguvu. Kwenye 1000 kidole kimoja juu kinatosha, kuanzia 4000 kwenda juu ni uzito wa wembe wenyewe tu. Sikiliza sauti, ikilia krrr krrr unakandamiza, ikiwa sawa unaisikia kama mtu anafagia nyumba ya pili. Angalia na maji: makali yakishakaa, maji yaliyo mbele ya wembe hayasukumwi tena, yanapanda juu ya bapa lake kama ulimi, sawasawa kuanzia kisigino hadi ncha. Sehemu ambayo maji hayapandi, makali hayajagusa jiwe. Mara ya kwanza kuliona hilo niliita mke wangu aje atazame, akatazama, akasema haya, akarudi kwenye dagaa zake.

Kama bado una wasiwasi chukua maka peni upake ukingo wote wa makali, pitisha mara moja kila upande, uangalie wino umefutika wapi. Hapo hakuna ubishi.

Usihame 1000 mpaka wembe unyoe nywele za mkono urefu wake wote, sio katikati tu, maana mawe ya juu hayajengi makali, yanapolishi tu yaliyopo. Wengi wanakimbilia 8000 kwa sababu inang'arisha, wembe unang'aa kama kioo na haukati hata mlenda. Kipimo kingine: simama dirishani, elekeza makali juu kwenye mwanga, ukiona kauzi keupe kanameta jua hapo ni butu, makali kamili hayarudishi mwanga. Kupima kwa kidole gumba kukiteleza kwa urefu, hapana, utaniambia.

Baada ya jiwe ni kuupitisha wembe kwenye ngozi ya ng'ombe, na ukweli ni kwamba ngozi ndo kazi ya kila siku, jiwe ni la mara moja moja. Mkanda wa suruali wa ngozi feki haufai, mwendee fundi viatu akukatie ngozi ya ng'ombe yenye upana kama sentimita 7 na urefu wa nusu mita, pamoja na kipande cha jinzi au turubai upana huohuo. Mi nafunga kwenye nondo ya dirisha, navuta ikaze, ikilegea makali yanapinda yanakuwa mviringo. Huku mwendo unageuka: mgongo mbele, makali nyuma, na kugeuza ni juu ya mgongo vilevile. Kwenye jinzi mara 20 au 30, kwenye ngozi mara 50, kila kabla ya kunyoa. Polepole. Wiki ya kwanza nilitaka kupiga haraka kama vinyozi wa kwenye sinema, nikakata ile ngozi sehemu mbili, alama bado zipo hapo zinanicheka.

Ukifanya hivyo utakaa miezi bila kugusa jiwe, na siku wembe ukianza kuvuta nywele badala ya kukata, unarudi 12000 au 8000 mara kumi, kumi na tano, basi. 1000 ni mpaka uuangushe au utoke pengo. Ukiwa na ufa, hata mdogo, huo tupa, usijaribu bahati.

Kutu sasa. Hizi nyembe nzuri za zamani, za Solingen Ujerumani au Sheffield Uingereza, nyingi ni chuma cha kaboni, na sisi tulio karibu na ziwa miezi ya mvua kutu inaingia usiku mmoja. Ukimaliza kunyoa, suuza, futa kutoka mgongoni kuelekea makali, pitisha jinzi mara kumi, na ile sehemu ya msumari wa mpini ikaushe na ncha ya kitambaa maana maji yanajificha mule. Uache wazi ukauke kabla ya kuukunja, na usiuweke bafuni. Tone la mafuta ya cherehani linatosha. Mawese hapana, hata kama tunayo ya kumwaga, yakikaa yanaganda kama gundi na yananuka.

Wangu unakaa juu ya kabati ambako watoto hawafiki, na haunyoi mtu mwingine zaidi yangu, ukimwi na homa ya ini havisubiri uone damu kwanza. Shemeji yako akiomba kuazima, mnunulie kiwembe cha dukani.