Kabla hujatuma: maneno ya Kiingereza ya kukagua mara mbili

Wanaokuja kuchapiwa barua kwangu hapa Mwenge, Dar es Salaam, wanaogopa maneno marefu. Wanauliza "accommodation" ina m ngapi, wakati hiyo hata simu yenyewe ingewapigia mstari mwekundu. Yanayowatia watu hasara ni maneno mafupi, hasa pale ambapo Kiswahili kina neno moja na Kiingereza kina mawili. Shule ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tukageuziwa lugha, na mipaka hiyo wengi wetu hatukuonyeshwa. Basi kabla hujatuma barua, CV au hata meseji ya kazi, pitia haya.

"Stationery" yenye e ni karatasi na kalamu. Yenye a ni kitu kilichosimama palepale. Vibao vingi vya mjini vimekosea, usijifunzie kwenye vibao.

"Lose" ni kupoteza, "loose" ni kulegea. "Advice" ni ushauri wenyewe, "advise" ni kushauri. Na "advice" usiitie s ya wingi.

"He" na "she" usizidharau. Yeye wetu hana jinsia, kwa hiyo mtu anamtaja mdhamini wake ni mama, mistari miwili chini anamwita "he". Anayesoma anajiuliza kama kweli mnafahamiana. Printi, chukua kalamu, zungushia zote.

Mkono na mguu ni kwa waliopata ajali, na kwa bodaboda za mji huu si wachache. "Hand" ni kuanzia kifundo kwenda vidoleni, "arm" ni kutoka begani kuja kwenye kifundo. Mguuni ni hivyohivyo: "foot" ni kuanzia kifundo kwenda chini, "leg" ni juu yake, na kidole cha mguu ni "toe", si "finger". Fomu ya bima ikisema hiki na cheti cha daktari kikasema kile, jiandae kuitwa ukajieleze.

Ukiulizwa mshahara unaoutaka, taja kama ni "gross" au "net". "Gross" ni kabla ya kukatwa PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni) na, kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo, ambayo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. "Net" ndiyo utakayoiona benki.

"Borrow" ni ya anayepokea, "lend" ni ya anayetoa. Sisi kuazima kunatosha kwa wote wawili, ndiyo maana unasikia "borrow me".

Sasa "by" na "until". Hapa naomba utulie, maana zote mbili kwetu ni mpaka. Kuna fundi seremala wa Keko, mteja wangu wa siku nyingi, alipata oda ya vitanda sita vya mninga kutoka kwa mgeni wa nje ya nchi mwenye nyumba ya kulala wageni Kigamboni. Akataka advansi ya kununulia mbao, iwe imeingia kabla Ijumaa haijaisha. Kichwani akawaza "nahitaji laki nane mpaka Ijumaa", kwenye WhatsApp akaandika "I need 800,000 until Friday". Jibu likarudi: hakuna shida, na hela ikaingia siku hiyohiyo. Fundi akaenda kuchukua mbao, akaanza kuranda.

Ijumaa asubuhi mgeni anauliza hela yake iko wapi. Alichosoma yeye ni kwamba fundi ana shida zake, anaomba akopeshwe, na Ijumaa atarudisha. Fundi alipokuja kwangu na simu mkononi, "Dada, hebu nisomee huyu mtu anasema nini", mgeni alishamwita tapeli na vitanda ameagiza kwingine. Mninga ulishakatwa kwa vipimo vya yule mgeni. Vitanda viliuzwa kimojakimoja kwa bei ya kutupa ili laki nane irudi, na faida hakuiona.

"By Friday" ni Ijumaa isipite jambo halijafanyika. "Until Friday" ni jambo linaendelea, Ijumaa linakoma. Na kwenye habari ya hela usiliachie neno moja kazi yote: sema ni advansi ya nini, inatoka kwa nani, na kama inarudi au hairudi. Meseji ingekuwa ndefu, ndiyo, lakini bando ni bei rahisi kuliko mninga.

Usitegemee simu ikusahihishie haya, kwa sababu "until" imeandikwa sawasawa, na "loose" pia. Mpe mtu mwingine asome, umuulize ameelewa nini badala ya kumuuliza kama iko sawa. Kama unayemwandikia anajua Kiswahili, mwandikie Kiswahili. Tarehe nayo andika mwezi kwa herufi, maana 5/6 kwetu ni Juni, Mmarekani anasoma Mei.