Kocha na mtendaji: nani anakata neno kwenye usajili?

Ugomvi wa kocha na uongozi huanza kabla hata ligi haijaanza, siku anaposainishwa mchezaji ambaye kocha hakumwomba. Dawa yake iwekwe kwenye mkataba wa kocha mwenyewe. Andikeni nani ana neno la mwisho katika mambo manne, kila moja peke yake: kusajili, kuacha, kutoa kwa mkopo na kupandisha kijana kutoka timu ya vijana. Kupanga kikosi cha mechi si la kujadili, ni la kocha. Kiongozi anayepiga simu Uwanja wa Jamhuri saa nane mchana kuuliza kwa nini fulani yuko benchi, ameshaharibu.

Wiki sita kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa, kocha aandike nafasi anazotaka na sifa zake, bila majina. Mfano: beki wa kushoto anayetumia mguu wa kushoto, hajafika miaka 26, msimu uliopita alicheza mara kwa mara. Ndipo benchi la ufundi na kamati ya usajili walete majina matatu kwa kila nafasi, yakipangwa kwa kipaumbele. Kuanzia hapo kocha haongei hela na wakala, na mtendaji mkuu wa klabu haongezi jina la nje ya orodha. Yote matatu yakishindikana, anarudi kwa kocha kuomba la nne.

Kocha Bill Parcells aligombana na klabu yake, New England Patriots, juu ya jambo hilihili, kwenye ule mpira wa Marekani. Mwaka 1996 klabu ilimchukua Terry Glenn, mchezaji wa kushambulia, wakati Parcells alitaka mtu wa ulinzi. Mwaka 1997 akaondoka, akilalamika kwamba anayetakiwa kupika aachwe basi aende sokoni. Ana haki, ila sokoni aende na mwenye pochi.

Bei na urefu wa mkataba ni kazi ya mtendaji. Kocha anawaza mechi ya Jumamosi, na huenda mwakani hayupo. Kanuni za FIFA zinaruhusu miaka 5 kwa kawaida, na 3 kwa aliye chini ya miaka 18. Mchezaji ambaye mkataba wake umebakiza zaidi ya miezi 6, iandikieni klabu yake kwanza. Vipimo vya afya vitangulie saini, kwa sababu mkataba hauruhusiwi kutegemea majibu ya daktari.

Kwenye kuacha wachezaji ndiko klabu zinakoumia. Kocha mpya anakuja na orodha ya watu tisa asiowataka. Sawa, lakini mbele ya kila jina uandikwe mshahara na miezi iliyobaki. Mchezaji wa shilingi 700,000 kwa mwezi mwenye mwaka mmoja mbele anadai milioni 8.4. Wakishaiona hesabu, wakae waamue nani apelekwe mkopo, nani auzwe, nani wakubaliane naye kuvunja mkataba, na nani abaki tu. Asiambiwe mtu lolote kabla ya hapo.

Njia ya mkato ni kumzuia mazoezini au kumkatia mshahara ili aondoke mwenyewe. Msiifuate. Akikosa mishahara ya miezi miwili, akawapa notisi ya maandishi ya siku 15 na bado hamjalipa, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali na kudai fidia. Deni likishaamuliwa na likabaki halijalipwa, klabu inaweza kufungiwa kusajili. Hata benchi lina gharama: mchezaji mzoefu aliyecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu anaweza kuomba kuondoka kwa sababu za kimichezo. Kwa hiyo mtendaji apewe dakika za kila mchezaji kila mwezi, asingoje Mei.

Kwa kikosi cha watu 25, mgawanyo wa makipa 3, mabeki 8, viungo 8 na washambuliaji 6 unatosha. Lakini msijaze. Sajilini 23, nafasi mbili na fedha zake zingoje dirisha dogo. Kocha akiondoka katikati ya msimu, anayemrithi atazihitaji, na hapo orodha ya nafasi na sifa inaandikwa upya.